Wapinzani Wawili, Ukurasa Mmoja: Tathmini ya Interactive Constitution

Anayetaka kuufuatilia ubishi wa Wamarekani kuhusu katiba yao hukumbana mapema na kikwazo kimoja, nacho ni kwamba karibu kila anayeueleza amekwisha kuchagua upande. Wapo wanaoshikilia kuwa jaji anafungwa na maana ambayo maneno ya katiba yalikuwa nayo yalipoidhinishwa, iwe ni mwaka 1788 kwa matini ya msingi, 1791 kwa marekebisho kumi ya kwanza, au 1868 kwa Marekebisho ya Kumi na Nne, yanayohusu uraia na usawa mbele ya sheria. Wapo pia wanaosema kwamba katiba hiyo iliandikwa kwa maneno mapana makusudi, ili kila kizazi kiyatumie kwa kuzingatia hali zake na ujuzi wake. Huduma ninayoitathmini hapa, Interactive Constitution ya National Constitution Center, ni miongoni mwa chache ambazo hazikuishia kuyataja makundi hayo mawili. Imewaita wasomi wa pande zote mbili, ikawataka waandike pamoja kwanza, na baada ya hapo ikamruhusu kila mmoja aende na njia yake.

Mmiliki wa huduma ni kituo cha makumbusho kilichoko Philadelphia, ambacho kilifunguliwa tarehe 4 Julai 2003, karibu na jengo ambamo wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa kuandika katiba kati ya Mei na Septemba 1787. Ndani ya kituo kuna ukumbi wenye sanamu 42 za shaba: wajumbe 39 waliotia saini, na watatu waliobaki hadi siku ya mwisho wakakataa kusaini, ambao ni George Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry. Nimependa kwamba waliokataa hawakuondolewa ukumbini, na huduma ya mtandaoni, iliyoanza mwaka 2015, ina roho hiyohiyo ya kumpa mpinzani nafasi ya kusimama. Haina malipo, na inapatikana kwenye tovuti ya kituo na kwenye programu ya simu.

Utendaji wake ni rahisi kuufahamu. Msomaji anafungua katiba yenyewe, anachagua ibara au marekebisho, na chini ya matini anakuta maelezo ya wasomi wawili. Wasomi hao hupatikana kwa ushauri wa jumuiya mbili za wanasheria zinazojulikana kwa misimamo yao: Federalist Society, ambayo ni ngome ya wahafidhina na ya wafuasi wa maana ya asili, na American Constitution Society, iliyo upande wa waliberali. Kwanza huja tamko la pamoja, linaloeleza yale ambayo wote wawili wanayakubali kuhusu historia ya kipengele na hukumu zake. Yakishaisha hayo, kila msomi ana insha yake mwenyewe kuhusu mahali wanapotofautiana. Utaratibu huu unafanana na wa wazee wa kijiji ambao hawasikilizi kesi ya shamba mpaka wadai wote wawili wamekubaliana mti upi ni wa mpakani.

Thamani ya huduma iko zaidi katika tamko hilo la pamoja kuliko katika insha mbili zinazolifuata. Malumbano ya katiba tunayoyasikia kwenye redio na mitandaoni huanza na hitimisho, na msikilizaji hawezi kutambua ni wapi wabishani wanagombania ukweli wa tukio na ni wapi wanagombania maana yake. Mtu aliyesoma tamko la pamoja anaingia kwenye insha akijua kwamba mambo kadhaa si ya kubishaniwa tena, na kwa hiyo anaweza kumshtukia mwandishi anayejaribu kuyarudisha kwa mlango wa nyuma. Mwalimu wa uraia, mwanafunzi wa sheria, au msimamizi wa klabu ya mdahalo shuleni hatapata kwa urahisi zana nyingine ya bure inayofanya kazi hii kwa usafi namna hii.

Udhaifu wa kwanza unatokana na mpangilio huohuo. Huduma imepangwa kwa vipengele vya katiba, kwa hiyo msomaji anaingia kupitia kipengele na si kupitia mjadala wa mbinu za kutafsiri, ilhali mjadala huo una historia yake ambayo bila kuijua mtu atapotea. Mnamo Julai 1985, Mwanasheria Mkuu Edwin Meese aliwahutubia mawakili akitaka mahakama zirejee kwenye nia ya asili ya walioandika katiba. Oktoba mwaka huohuo Jaji William Brennan alimjibu katika Chuo Kikuu cha Georgetown, akasema kwamba kudai leo kuwa tunaweza kuijua kwa uhakika nia ya watu wa karne ya kumi na nane, kisha kuiweka juu ya maswali ambayo hawakuyawaza, ni kiburi kilichovaa joho la unyenyekevu. Miaka miwili baadaye Seneti ilimkataa Robert Bork, mteule wa Mahakama ya Juu na mtetezi mkubwa wa nia ya asili, kwa kura 58 dhidi ya 42, na mabishano ya vyuoni yakawa mabishano ya kitaifa.

Tangu hapo wafuasi wa asili wenyewe walibadilisha silaha, na hili ni jambo ambalo wengi wanaowapinga hawajaliona. Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu, aliwashauri wenzake waache kutafuta nia iliyokuwa vichwani mwa waandishi, badala yake watafute maana ambayo umma wa wakati ule ungeipata kwa kuyasoma maneno yaliyopitishwa. Ushauri huo ulikuwa na sababu nzito. Mkutano wa 1787 uliendeshwa kwa siri, na kumbukumbu za James Madison, ambazo ndizo kamili zaidi kati ya zote, zilichapishwa mwaka 1840, miaka minne baada ya yeye kufariki. Wananchi walioidhinisha katiba kupitia mikutano ya majimbo hawakuwa wamesoma yaliyosemwa faraghani, kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba walichokiidhinisha ni mawazo ya faragha. Msomaji wa Interactive Constitution atakutana na tofauti hii ya nia na maana hapa kipande, pale kipande, kulingana na kipengele alichofungua. Atahitaji kuviunganisha mwenyewe, na anayeanza kabisa huenda asitambue kwamba kuna kitu cha kuunganishwa.

Kipimo kizuri zaidi cha huduma nzima ni Marekebisho ya Pili, kuhusu silaha. Ni sentensi moja tu: inaanza kwa kusema kuwa jeshi la wanamgambo lililopangwa vyema ni la lazima kwa usalama wa dola huru, inamalizika kwa kusema kuwa haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha isivunjwe, na kwa zaidi ya miaka mia mbili watu wamevutana kuhusu namna sehemu ya kwanza inavyohusiana na ya pili. Waandishi wa ukurasa huu ni Nelson Lund na Adam Winkler. Katika sehemu ya pamoja wanaeleza hofu ya karne ya kumi na nane dhidi ya majeshi ya kudumu, nafasi ya wanamgambo wa majimbo, na hukumu za karibuni. Wakishaachana, Lund anadai kwamba haki hii inastahili kulindwa kwa uzito uleule ambao mahakama huupa haki nyingine, ilhali Winkler anaonyesha kwamba sheria za kudhibiti bunduki ni za zamani sawa na haki yenyewe. Wote wawili wanabishana kwa kutumia historia. Msomaji aliyetarajia kuona mtu wa jana akibishana na mtu wa leo atashangaa kukuta wawili wanaogombea jana ileile.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika shauri la District of Columbia v. Heller la mwaka 2008, kuhusu marufuku ya bastola katika mji wa Washington, ambalo liliamuliwa kwa majaji watano dhidi ya wanne, Scalia aliandika kwa niaba ya wengi kwamba haki ni ya mtu mmoja mmoja na inahusu kujilinda nyumbani. Jaji John Paul Stevens alipinga, naye akachimba kumbukumbu za karne ya kumi na nane na kuhitimisha kwamba haki ilihusu utumishi katika jeshi la wanamgambo. Aliyepinga kwa mtazamo wa kisasa hasa ni Stephen Breyer. Yeye alisema kwamba hata kama haki ni ya mtu binafsi, mahakama inapaswa kupima pia hali ya mji wenye uhalifu mwingi na sababu zilizolifanya baraza la mji lipige marufuku bastola. Kwa hiyo ndani ya shauri moja palikuwa na misimamo mitatu, na hapo ndipo mpango wa safu mbili unapoanza kubana.

Maandishi ya wasomi hayawezi kukimbia kwa kasi ya mahakama, na yeyote atakayetumia ukurasa huo kufundishia ni lazima aendelee mwenyewe mpaka New York State Rifle & Pistol Association v. Bruen ya mwaka 2022 na United States v. Rahimi ya mwaka 2024. Katika Bruen, majaji sita dhidi ya watatu, kwa kalamu ya Clarence Thomas, waliagiza kwamba serikali inayotaka kutetea sheria ya silaha ithibitishe kwamba sheria hiyo inalingana na desturi ya kihistoria ya taifa ya kudhibiti silaha. Majaji wa mahakama za chini, ambao walisomea sheria na si uhifadhi wa nyaraka, wakajikuta wakitafuta sheria ndogondogo za karne mbili nyuma ili kuona kama zinafanana na za leo. Miaka miwili baadaye mahakama ileile ilikubali, kwa wanane dhidi ya mmoja, kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya ukatili wa nyumbani anaweza kunyang'anywa haki ya kumiliki bunduki. Jaji Mkuu John Roberts alifafanua kwamba haitakiwi sheria pacha kutoka zamani, inatosha kanuni ileile iliyokuwa nyuma ya sheria za zamani. Mpinzani pekee alikuwa Thomas, mwandishi wa Bruen. Kwa maoni yangu hakuna somo bora zaidi kuhusu mipaka ya maana ya asili kuliko kuzisoma hukumu hizo mbili kwa kufuatana, kwa sababu zinaonyesha wafuasi wa mbinu moja wakitofautiana kuhusu ni umbali gani mbinu hiyo inaruhusu kutoka kwenye mfano wa kale mpaka kwenye kanuni. Huduma inamwandaa msomaji kwa somo hilo vizuri. Haimfundishi.

Ukurasa ulionifurahisha zaidi ni wa Marekebisho ya Nane, yanayokataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida. Walioandika ni Bryan Stevenson, wakili anayefahamika kwa kuwatetea waliohukumiwa kifo, na John Stinneford. Tangu shauri la Trop v. Dulles la mwaka 1958, mahakama imekuwa ikisema kwamba ukatili hupimwa kwa viwango vya utu vinavyoendelea kukua katika jamii, na kwa kipimo hicho, mwaka 2005 katika Roper v. Simmons, ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18. Mtu angetegemea kwamba mfuasi wa maana ya asili atasema tu kuwa adhabu ya kifo ilikuwepo mwaka 1791, kwa hiyo hakuna mjadala. Stinneford hasemi hivyo. Anarudi kwenye sheria ya kimila ya Uingereza na tamko la haki la mwaka 1689, na kueleza kwamba adhabu isiyo ya kawaida ilikuwa ile inayokwenda kinyume na mazoea ya muda mrefu. Kwa kipimo hicho, ukali mpya ambao serikali ya leo imeubuni unaweza kuwa haramu hata kama umma wa leo unaushangilia. Stevenson, kwa upande wake, hatulii kwenye nadharia. Anaandika kuhusu makosa ya kuhukumu wasio na hatia, ubaguzi wa rangi na umaskini wa washtakiwa. Ukizisoma insha hizo mbili utaona kwamba kuirudia asili si lazima kumnyime mfungwa, na kwamba kufuata viwango vya leo kunategemea sana leo hiyo ni ya nani.

Kasoro kubwa ya huduma, kwa mtazamo wangu, ni kwamba safu mbili zinamfanya msomaji aamini kwamba kila kipengele kina pande mbili, na kwamba pande hizo ni za kisiasa: wahafidhina huku, waliberali kule. Historia ya mjadala haikubali mgawanyo huo. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, Jaji Mkuu Roger Taney alisisitiza kwamba maneno ya katiba yabaki na maana ileile yaliyokuwa nayo yalipopitishwa, kisha akahitimisha kwamba watu wa asili ya Afrika hawawezi kuwa raia. Jaji Benjamin Curtis alimpinga kwa historia pia, akaonyesha kwamba katika majimbo matano watu weusi walio huru walikuwa na haki ya kupiga kura wakati katiba ilipoidhinishwa. Karibu karne moja baadaye, katika Brown v. Board of Education, shauri lililoharamisha kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi shuleni, mahakama iliwaita mawakili waje tena kueleza nia ya waliopitisha Marekebisho ya Kumi na Nne kuhusu shule. Hukumu ya tarehe 17 Mei 1954 ikasema kwamba ushahidi wa kihistoria haukutoa jibu la uhakika, na ikaamua kwa kuangalia nafasi ya elimu katika maisha ya wakati huo. Tangu hapo kila mfuasi wa maana ya asili anaulizwa kuhusu Brown, na baadhi yao, akiwemo Michael McConnell aliyewahi kuwa jaji wa mahakama ya rufaa, wamejibu kwa kutetea kwamba maana ya asili yenyewe, ikisomwa vizuri, inaunga mkono hukumu hiyo. Wenzao hawajaridhika wote. Mambo haya hayawezi kuingia kwenye safu mbili bila kukatwa miguu.

Tena kuna wale wasio na safu kabisa. Mwaka 1987, katiba ilipotimiza miaka 200 na nchi nzima ikisherehekea, Jaji Thurgood Marshall, mzao wa watumwa, alikataa kuwavika waasisi kilemba cha ukoka. Alisema katika hotuba yake kwamba serikali waliyoibuni ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba ilihitaji marekebisho kadhaa, vita vya wenyewe kwa wenyewe na mageuzi makubwa ya kijamii kufikia heshima iliyo nayo. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kumkumbuka, kwa kuwa mwaka 1960 Marshall alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, na aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya nchi ambayo bado haikuwa huru. Mtu aliyeshiriki kuandika katiba ya wengine alikuwa anajua kuliko wengi jinsi mwandishi anavyokuwa na haraka, hofu na mapatano ya lazima, na pengine ndiyo maana hakushawishika kuwageuza waandishi wa 1787 kuwa manabii. Swali lake, la nani alikuwa nje ya chumba maana ilipokuwa inaundwa, linatajwa na wasomi kadhaa katika huduma hii, lakini halina kisanduku chake, na kisicho na kisanduku kwenye zana ya namna hii hupitwa.

Kuna jambo lingine ambalo huduma kuu hailitilii mkazo wa kutosha, ingawa kituo chenyewe kimelishughulikia mahali pengine. Ugomvi wa tafsiri umekuwa mkali Marekani kwa sababu kuibadilisha katiba yao ni kazi ngumu mno: pendekezo linahitaji theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, au mkutano maalumu ulioitishwa kwa maombi ya theluthi mbili ya majimbo, na kisha kuidhinishwa na robo tatu ya majimbo, ambayo kwa sasa ni 38 kati ya 50. Yapo marekebisho 27 tu, na la mwisho, lililoidhinishwa mwaka 1992, lilikuwa limependekezwa mwaka 1789. Mlango wa kubadilisha maneno ukifungwa, shinikizo lote huhamia kwenye maana ya maneno, na uteuzi wa jaji mmoja unakuwa kama uchaguzi mkuu. Mwaka 2020 kituo kiliunda timu tatu za wasomi, ya wahafidhina, ya watetezi wa uhuru wa mtu binafsi na ya wapenda maendeleo, kila moja ikaandika katiba ambayo ingeitaka. Baadaye timu hizo ziliketi pamoja na kukubaliana mapendekezo kadhaa, yakiwemo ukomo wa miaka 18 kwa majaji wa Mahakama ya Juu na njia nyepesi zaidi ya kurekebisha katiba. Ningeshauri kila anayetumia Interactive Constitution aisome na kazi hiyo. Kwanza ina timu tatu badala ya mbili, na pili inaonyesha kwamba watu wanaovutana kila siku kuhusu maana hukubaliana zaidi wanaporuhusiwa kugusa maneno yenyewe.

Je, ina faida gani kwa anayeisoma kutoka Nairobi, Mombasa au Arusha? Tahadhari inahitajika hapa, maana nimewasikia wanafunzi wakiyabeba mabishano ya Washington mazimamazima na kuyatua juu ya katiba ya nchi nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelijibu swali la mbinu ndani ya matini yake. Ibara ya 259 inaagiza kwamba katiba itafsiriwe kwa namna inayoendeleza madhumuni, maadili na kanuni zake na inayoruhusu sheria kukua, na kwamba kila kipengele kisomwe kwa msingi kuwa sheria inazungumza wakati wote. Anayesimama mbele ya jaji wa Kenya na kudai kwamba maneno yamegandishwa tarehe 27 Agosti 2010 anabishana na katiba yenyewe. Hata hivyo historia haikufukuzwa mlangoni. Katika shauri la BBI, lililohusu mpango wa kuirekebisha katiba hiyo, Mahakama Kuu mnamo Mei 2021 na Mahakama ya Rufaa mnamo Agosti mwaka huo ziliifuata kwa kirefu safari ya kuandika katiba, na kutokana nayo zikapata nadharia ya muundo wa msingi usioweza kubadilishwa kwa njia za kawaida za marekebisho. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ikakataa kwamba nadharia hiyo inatumika Kenya. Tofauti na Marekani, hapa watu walioandika wengi wako hai na wanahojiwa kwenye televisheni, kumbukumbu za tume ya kupitia katiba na za mkutano wa Bomas uliojadili rasimu zipo, na wananchi waliopiga kura ya maoni wanakumbuka walichokipigia kura, au wanadhani wanakumbuka.

Suala la theluthi mbili za jinsia, yaani sharti kwamba wabunge wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, linaonyesha vilevile kwamba historia bado ina uzito. Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu ya Kenya walisema kwamba sharti hilo litatekelezwa hatua kwa hatua, wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 kuwa ukomo. Jaji Mkuu Willy Mutunga akatofautiana nao, akaona kwamba lilipaswa kutekelezwa mara moja, na alifika hapo kwa kuitazama historia ya wanawake kutengwa na mapambano yao. Aliyesema zaidi kuhusu historia ndiye aliyetaka mabadiliko ya haraka zaidi. Mwanafunzi aliyepita kwenye ukurasa wa Stinneford na Stevenson hatashangazwa na hilo, na faida yenyewe ya kusoma mambo ya mbali ni hii. Kinachofaa kuigwa ni umbo la huduma, si majibu yake. Natamani chuo au chama cha mawakili katika ukanda wetu kingewaketisha wasomi wawili, au watatu, juu ya kila ibara ya Katiba ya Kenya, au juu ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ambayo mjadala wa kuiandika upya haujaisha, wakaandika kwanza wanayokubaliana, na wakaandika kwa Kiswahili.

Lugha ndiyo kizingiti kikubwa kwa msomaji wetu. Maandishi ni ya Kiingereza cha wanasheria, na ingawa waandishi wengi wamejitahidi kupunguza istilahi, insha moja moja ni ndefu na zinadhani kwamba msomaji anajua mfumo wa majimbo na wa mahakama za Marekani. Kwa Waswahili wanaoishi Minnesota au Texas na wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia, hii si zana ya kwanza, kwa kuwa maswali ya mtihani ule ni mepesi zaidi; itawafaa wakishaapishwa na kuanza kupiga kura. Kwa upande wa gharama, sehemu kubwa ni maandishi matupu yasiyokula bando, jambo ambalo mwalimu wa shule ya kata atalishukuru. Pia kituo kina podikasti ya kila wiki inayowakutanisha wasomi wa misimamo tofauti juu ya kesi mpya, na hiyo inaziba kwa kiasi fulani pengo la maandishi kubaki nyuma ya mahakama.

Mshindani wake wa karibu ni Constitution Annotated, kazi ya watafiti wa Bunge la Marekani, nayo ni ya bure na ina tovuti yake tangu mwaka 2019. Hiyo ni pana zaidi, inafuatilia hukumu kwa karibu, na ina utulivu wa maandishi ya kiserikali. Ukitaka kujua mahakama imesema nini juu ya kipengele fulani, anzia huko. Interactive Constitution inafaa pale unapotaka kujua kwa nini watu wawili waliosoma hukumu ileile wametoka na majibu mawili. Kwa darasa la sheria ningezitumia zote mbili, na kwa klabu ya mdahalo ningetumia hii peke yake, tena nikianza na Marekebisho ya Nane kabla ya yale ya silaha, ambako wanafunzi huwa wameshachukua upande kabla ya kufungua ukurasa. Majina ya waandishi ningeyaficha mpaka kila mwanafunzi amesema insha ipi anadhani imeandikwa na mfuasi wa maana ya asili.